Shikamoo ya Mtani

Mto wetu ulinyamaza asubuhi, katikati ya masika, mvua ikiwa bado inanyesha. Naomba hilo lieleweke kwanza. Mto ukikauka kiangazi, hakuna wa kuulizwa. Lakini mto unaokauka huku mvua inakupiga mgongoni, huo kuna mtu kaushika. Ndivyo nilivyofikiri siku ile, na ndivyo alivyofikiri kila mwenye akili pale kijijini, na sitaki mtu aliyezaliwa juzi aje kunicheka.

Tuliishi bondeni, chini ya milima ya Uluguru, upande wa Mlali, pale mto unapotoka kwenye korongo na kuanza kwenda kwa adabu. Sauti yake ilikuwa ndani ya kila kitu. Tulipika tukiisikia, tuligombana kwa kupaza sauti ili tuishinde, watoto wetu walizaliwa ikiwa inavuma. Ilipokatika nilikuwa natwanga, nikadhani masikio yangu yameziba. Nikaacha mchi. Katika kila nyumba watu walikuwa wametoka mlangoni wakitazamana, kila mmoja akimwangalia jirani yake kana kwamba yeye ndiye aliyefanya.

Tukashuka kuona. Mawe ambayo hata bibi zetu hawakuwahi kuyaona yalikuwa wazi, meusi, yanateleza, na katikati yake vidimbwi vilivyojaa kambare wanaopigapiga mikia. Kaa walikimbia huku na huko wakitafuta pa kujificha. Watoto walishangilia, wakaanza kuokota samaki kama wanaokota kuni. Mimi niliinama nikagusa tope la chini kabisa. Lilikuwa la baridi, na lilinuka kama pango. Kuna vitu Mungu amevifunika, na ukiviona bila yeye kukuonyesha unajisikia kama umefumaniwa.

Mjomba Mwinjuma akafika. Huyu alikuwa mdogo wake mama yangu, na kwetu mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya shamba, ndoa na kila kitu. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, anayechungulia ndani ya kikombe kabla ya kunywa, hata kikombe alichojimiminia mwenyewe.

"Mwageni samaki hao," alisema. "Hamjui wametiwa nini."

"Nani kawatia, Mjomba?" nikamuuliza.

Akanyoosha kidole juu, kwenye ukungu. Kule juu kulikuwa na misheni, na watu wa kule waliokwisha kubatizwa walilima maharage na kabichi za mapadri na kuchimba mifereji ya kumwagilia. Kiangazi kilichopita tuligombana nao kwa ajili ya mifereji hiyo mpaka nusura tushikane mashati. "Walianza na mfereji," Mjomba akasema, "sasa wamechukua mto mzima." Wote tukakubali. Lilikuwa jambo rahisi kulikubali.

Kabla ya adhuhuri akatokea Dominiko, naye alitoka huko huko juu.

Lazima nieleze Dominiko alikuwa nani kwetu. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu zamani ambazo hakuna anayezijua. Mtani anaweza kuingia nyumbani kwangu akala chakula changu, akachukua kuku, akamtukana mama yangu mbele ya wageni, na mimi siruhusiwi kununa. Nikinuna, mwenye kosa ni mimi. Na mtu wetu akifa, hao hao ndio wanaotuchimbia kaburi na kutuhudumia, nasi tunawafanyia wao vivyo hivyo. Hata hapo msibani mtani hufanya mzaha. Hujitupa chini akalia kilio cha uongo, akajigaragaza mpaka wafiwa wanacheka bila kupenda. Dominiko alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Mwaka wa nyuma alimkamata jogoo wa mama, akamchinja mbele ya macho yake, akamla, kisha akalalamika kwamba chumvi haikutosha. Ubatizo ulimpa jina jipya tu. Mdomo ulibaki ule ule.

Siku hiyo alikuja na matope mpaka kifuani, miguu imechanikachanika kwa miiba. Hakusimama kwa mtu. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mama, iliyokuwa nyumba ya mwisho kabla ya mto. Mguu mmoja wa mama ulikuwa umepooza, hakuweza kwenda hata shambani bila kushikwa, na ndiyo maana tulimjengea pale chini, karibu na maji.

"Wee kikongwe!" Dominiko akapiga kelele mlangoni. "Hujafa tu? Toka humo ndani, mlima unakuja kukuposa!"

"Mwambie alete mahari kwanza," mama akajibu kutoka jikoni. "Na awe na meno kukuzidi wewe."

Watu walioanza kukusanyika wakacheka. Dominiko naye akacheka, maana mdomo ulishazoea, kisha akashika nguzo ya nyumba akavuta pumzi. Akaeleza. Alfajiri ile, juu ya korongo, bega zima la mlima lilikuwa limemeguka. Halikuanguka, alisema, lilishuka. Msitu ulishuka umesimama wima, na miti yake na nyani wake, ukavuka mto, ukaegemea upande wa pili kama ulioota pale. Nyuma yake maji yalikuwa yanapanda. Shamba la maharage la padri lilikuwa chini ya ziwa, na ziwa lilikuwa jeupe kwa ukungu, na watu wa misheni walikuwa wamesimama ukingoni wakisali kwa sauti ya chini kana kwamba wanaogopa kuliamsha. Ule udongo uliozuia maji ulikuwa tope tupu. Ukiachia, ziwa lote lingeshuka kwa mkupuo mmoja, na njia yake ilikuwa moja tu, hapo tuliposimama.

"Msitu unatembea," akasema Mjomba Mwinjuma.

"Unatembea, bwana. Nimeuona mimi."

"Na nyani juu yake."

"Na nyani juu yake."

Kicheko kilikwenda mpaka kwa watoto waliokuwa mtoni. Mimi sikucheka. Nilikuwa namwangalia macho. Macho yake yalikwenda kwenye zizi la mbuzi wetu, yakarudi. Nikajiambia, aha, kumbe anataka mbuzi.

Mjomba aliita wakubwa barazani kwake, na Dominiko akaambiwa akae kati, pale kila mtu aweze kumwona. Nitamtetea Mjomba katika hili, kwa sababu maneno aliyoyasema siku ile hayakuwa ya kijinga. Alisema ardhi isiyo na watu ni ya atakayewahi kuiingia. Wao kule juu wameongezeka, wanataka bonde. Wangetufukuza vipi bila kupigana? Wafunge mto, kisha wamtume mtu ambaye hatuwezi kumkasirikia aje kutuambia tuhame.

Kisha akateremsha sauti. Vita vya maji vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma, na kila mmoja pale alikuwa amezika mtu au amekula mizizi katika njaa iliyofuata. Vita vile vilianza hivi hivi, Mjomba alisema. Mtu alikuja nyumba kwa nyumba akitoa habari za maji, na watu wakaacha mashamba wakampa masikio. Waliosikiliza walinyongwa na Wadachi, na wasiosikiliza walichomewa nyumba pia. "Akida wa Wadachi akisikia kijiji kizima kimebeba mizigo kimepanda mlimani kwa ajili ya maneno ya maji, mnafikiri atauliza habari za ziwa? Atauliza bunduki ziko wapi. Askari watatoka boma la Morogoro, na hapo ndipo mtajua."

Hata ambao walikuwa wameanza kuingiwa na hofu ya mto sasa walimwogopa Dominiko zaidi.

"Mimi sijasema habari za vita," Dominiko akasema. "Nasema mtakufa, wajinga nyie."

"Apa," Mjomba akamwambia.

Akaapa kwa Msalaba. Mjomba akasema Msalaba ni wake, sisi hautuhusu. Akaapa kwa kaburi la mama yake. Mtu mmoja akadakia kwamba kaburi hilo tulilichimba sisi, na siku ile tulisema tumelichimba fupi makusudi ili miguu ibaki nje. Watu wakaangua kicheko tena. Dominiko akaanza kulia. Machozi ya kweli, nadhani, lakini tulikuwa tumemwona akilia hivyo hivyo kwenye misiba yetu mingi, na watoto wakaanza kumwigiza, wakijigaragaza kwenye tope. Kila alichokuwa nacho cha kutushawishi, alikuwa ameshakitumia kwa mzaha.

Mjomba akatoa shauri kwamba vijana watumwe juu wakatazame, warudi kesho na jibu.

"Kesho hamna," akasema Dominiko. Akainuka, akaenda kwa mama, akaanza kutoa vitu nje: mkeka, chungu, kibuyu. Wanawake wakashangilia, maana hiyo ndiyo kazi ya mtani, kubeba vya watu. Akamshika mama mabegani kumwinua. Mama akamtandika mwiko kichwani. "Bado sijaposwa," alisema, "mlima wako usubiri."

Dominiko akamwachia. Akatoka nje. Nilidhani amekata tamaa, na sitaficha, nilifurahi. Akasimama chini ya upenu, akakinga viganja kwenye maji ya mvua yanayotiririka kutoka nyasi za paa, akanawa uso, akajifuta matope ya mikono. Kisha akarudi mlangoni polepole kama mgeni, akapiga hodi.

Mtani hapigi hodi. Tukatazamana.

Akaingia akiwa ameinama, akapiga magoti mbele ya mama, kichwa chini, mikono mapajani.

"Shikamoo, mama."

Hakuna aliyecheka. Sijui niseme nini ili mtu asiye na watani aelewe. Tangu anajifunza kuongea mtu huyu hakuwa amempa mama yangu neno moja la heshima, wala mama hakuwa amelitaka. Mwiko ulimponyoka mama mkononi ukaangukia jivuni, na hakuitikia marahaba.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Bado, mama," Dominiko akasema. "Bado hajafa mtu."

Uso wa mama ulikuwa umebadilika, umekuwa mdogo. Akanyoosha mikono yake miwili. "Nibebe," akasema.

Mjomba Mwinjuma alikuwa mlangoni. "Dada, usidanganyike. Hao wa misheni wamefundishwa kupiga magoti. Wanapigia hata sanamu."

"Mwinjuma, mtoto huyu amenitukana maisha yake yote na sijawahi kumwogopa," mama akasema, akiwa tayari mgongoni kwa Dominiko. "Leo ameniheshimu, na mimi naogopa. Anayetaka kubaki abaki."

Basi tukaenda. Si kwamba wote tuliamini. Wengine walimfuata mama kwa sababu ni mkubwa wetu, na mimi nilimfuata kwa sababu siwezi kumwacha mama yangu mgongoni mwa mtu ninayemshuku. Mbuzi niliwafungua wote nikaenda nao. Tulipanda ubavu wa mlima mpaka kwenye kilele kidogo chenye miamba, tukakaa kwenye majani yaliyolowa, na nikahakikisha nimeketi kati ya Dominiko na mbuzi.

Mjomba hakuja. Tulimwona kutoka juu, amekaa kwenye kigoda mlangoni mwake, panga limelala magotini, akilinda bonde lisichukuliwe na watu wa juu.

Mvua ikakatika. Jua likatoka, milima ikajifunua yote, kijani na maporomoko meupe yakining'inia kila upande, na hakuna kilichotokea. Bonde lilikuwa zuri na kimya. Watu wakaanza kuguna. Mmoja alisema akida ana macho kila mahali na sasa hivi huenda tumeshaonekana. Mwingine akasema moto wake ameuacha na uji jikoni. Nikamgeukia Dominiko.

"Ziwa lako liko wapi?"

Nilitaka anitukane. Alikuwa anamtazama mama, na mama alikuwa anamtazama mdogo wake kule chini.

"Nimlete?" Dominiko akamuuliza.

"Mlete," mama akasema. "Huyo ndiye ndugu pekee niliyebaki naye."

Dominiko akateremka mbio. Tulimwona akifika, mdogo kama siafu, akisimama mbele ya baraza. Hatukuweza kusikia maneno. Mjomba aliinuka, panga mkononi. Tukamwona Dominiko akipiga magoti tena, safari hii kwenye tope, mbele ya mtu waliyelingana umri, na akainamisha kichwa mpaka karibu na ardhi. Mjomba akanyoosha panga kuelekea mlimani. Dominiko hakuinuka. Mjomba akamwinua mwenyewe kwa kumshika bega, akamsukuma, akarudi kwenye kigoda chake. Namjua Mjomba wangu. Yale magoti ndiyo yaliyomaliza imani yake. Mtu aliyejinyenyekeza kiasi kile kwa ajili ya kumtoa mtu kwenye nyumba yake, anaitaka nyumba ile kweli kweli.

Dominiko alikuwa amekwisha kurudi hadi kwenye miamba, anahema, ulipokuja upepo.

Hapakuwa na jani lililokuwa linatikisika, kisha miti yote ya mdomo wa korongo ikalala upande mmoja. Baada ya upepo ikaja harufu, udongo uliopasuliwa na majani mabichi. Mbuzi wakakaza kamba. Halafu mwamba tuliokalia ukaanza kutetemeka, na ndani ya mlima nikasikia mawe yakigongana, makubwa, kwa sauti nzito ya kutwanga. Mtoto mmoja akauliza kama ni gari moshi.

Kilichotoka korongoni hakikuwa maji. Ulikuwa msitu. Niliuona kwa macho yangu, miti mikubwa imesimama wima, inatikisa vichwa, inasukumana kutoka kwenye ule mlango mwembamba kama watu wanaotoka msikitini Ijumaa. Ulitembea. Ulitembea nusu ya bonde ukiwa umesimama, kisha maji yaliyokuwa nyuma yakaupanda mgongoni, ukapinduka, na vyote vikawa kitu kimoja cheusi kinachonguruma. Mawe makubwa kama nyumba yalielea, naapa yalielea, yakigeukageuka taratibu. Nilipiga kelele na sikuisikia sauti yangu. Nilikuwa naogopa kufa, na hapo hapo nilikuwa nataka kuendelea kutazama, nisifumbe jicho hata mara moja. Sijaona tena kitu kikubwa kama kile, wala sitaki.

Mjomba alisimama. Hakukimbia. Aligeuza uso kutazama kile kinachokuja, akanyanyua panga lake, kama anayemzuia mtu aliyemjua tangu zamani kwamba ni mwizi. Kisha pale alipokuwa hapakuwa na mahali.

Siku chache baadaye akida alikuja na askari, akauliza nani aliamuru watu wapande mlimani. Hapo bondeni hapakuwa na kijiji cha kumwonyesha. Alisimama kwenye ukingo wa lile tope, akavua kofia yake, akaondoka bila kumfunga mtu.

Mwili wa Mjomba ulipatikana mbali, kwenye tambarare, umefunikwa na mchanga. Tulimzika mlimani, karibu na ile miamba. Watani walikuja kuchimba, kama inavyopasa, na Dominiko akiwa mbele yao. Lakini alichimba kimya. Alipita mbele ya mama akasema shikamoo, mama akageuza uso. Wanawake walilia kilio cha kawaida, kisicho na kicheko ndani yake, na kilikuwa kizito kubeba. Mimi nilikuwa namwangalia Dominiko kwa hasira. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakumburuta Mjomba. Nilitaka pia kumshukuru.

Kaburi likawa tayari. Kwetu, mtani akimaliza kuchimba hujilaza ndani ya kaburi akagoma kutoka, akidai ni lake, mpaka wafiwa wambembeleze na kumpa chochote. Dominiko akateremka akalala kwenye mwanandani, mahali pa maiti. Tukangoja aanze madai yake. Hakusema neno. Mwalimu wa dini aliyekuja kuswalia maiti akakohoa. Bado Dominiko amelala mle, mikono kifuani, na mimi nikaogopa kwamba hatainuka kabisa.

Mama akaomba ashikwe. Tukampeleka mpaka ukingoni, akijikokota na ule mguu wake. Akachungulia.

"Toka humo, mwizi wewe," akasema. "Hicho si kitanda chako."

Sauti ya Dominiko ikapanda kutoka kule chini.

"Nyamaza, kikongwe. Mdogo wako amekaa majini muda mrefu. Namtilia joto."

Mama alicheka. Alicheka mpaka akatuegemea, na kicheko kikageuka kilio mikononi mwetu, kilio kikubwa ambacho alikuwa hajakilia tangu siku ile. Sisi tukalia naye. Kisha Dominiko akapanda kutoka kaburini, akajikung'uta udongo, akanyoosha mikono kuupokea mwili.